Wageni Waliokuja Kutazama Takataka

Neno "kijani" lilinifikia kazini Jumatatu moja asubuhi, kwenye karatasi ambayo mkubwa wangu alirudi nayo kutoka semina. Alikuwa ameikunja na kuiweka mfuko wa ndani wa koti kama barua ya mapenzi. "Kuanzia leo," akatuambia, "ofisi hii itavutia biashara za kijani." Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamuuliza kama biashara za rangi nyingine tuanze kuzifukuza. Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka, na hivyo ndivyo kazi hiyo ilivyoniangukia peke yangu.

Kwa asiyejua, kazi yangu ni kubembeleza. Nabembeleza watu wenye mitaji waje waweke viwanda kwetu Nyamira badala ya kuvipeleka kwingine. Kwa miaka mingi nilikimbizana na viwanda vikubwa vikubwa. Mwenye kiwanda anakuja, tunamnywesha chai yetu nzuri, anauliza lami imefika wapi na umeme unapotea mara ngapi kwa wiki, halafu anapanda gari lake akisema atapiga simu. Hapigi. Mwaka unaisha, unaandika ripoti, unaanza tena kubembeleza.

Basi ile karatasi niliipeleka nyumbani kwa hasira, nikaisoma nikiwa nimeweka miguu juu ya stuli, nikitafuta mahali pa kuicheka. Sikupapata. Ilikuwa inasema jambo la maana kabisa: tafuteni biashara inayokula kile mlicho nacho tayari, isiyokata miti, isiyochafua mito, na inayowaachia watu wenu kazi. Nikaanza kujiuliza, sisi tuna nini ambacho hakuna anayekitaka? Jibu lilikuwa nje ya dirisha. Kuanzia Ekerenyo mpaka Birongo hakuna boma lisilo na ndizi. Ukishakata mkungu, ule mti hauzai tena, kwa hiyo unaukata, unaukatakata, unauacha uoze katikati ya wenzake. Ng'ombe anatafuna kidogo. Inayobaki ni takataka, na hata neno lenyewe tunalolitumia ni hilo hilo, takataka.

Sasa niseme ukweli ambao sikuuandika kwenye ripoti yoyote. Niliitafuta kampuni ya namna hiyo kwa bidii ya ajabu kwa sababu ya binti yangu.

Alikuwa amemaliza chuo kikuu, kemia, na cheti kizuri. Tulichinja mbuzi, tukaomba, tukapiga picha. Baada ya hapo akakaa. Akafundisha shule moja ndogo upande wa Nyacheki mpaka shule ikafungwa. Akauza mitumba Kisii mjini. Akarudi nyumbani akakaa tena. Halafu siku moja akanionyesha pasipoti mpya na kuniambia kwamba kuna wakala Nairobi ambaye amempatia kazi ya nyumbani huko Ghuba. Kazi ya nyumbani! Mtoto niliyemnunulia kikokotoo wakati mimi mwenyewe navaa viatu vilivyotoboka! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio kuuliza kama kuna nyoka. Binti yangu aliniacha nimalize, kisha akasema taratibu, "Sawa, mathe. Nipatie kazi nyingine basi."

Sikuwa nayo. Hilo ndilo lililonikata maini. Kazi ya kuosha vyombo si dhambi, mimi mwenyewe nimeosha vya watu. Nilichoogopa ni umbali, na zile habari ambazo kila mama wa kwetu amewahi kuzisikia, za simu iliyokuwa ikipokelewa kila Jumapili halafu ikaacha kupokelewa. Yeye alikuwa mtoto wangu wa pekee. Nilitaka kiwanda kifike kabla ya ndege, basi. Mengine yote niliyoyasema kwenye mikutano kuhusu maendeleo ya eneo letu yalikuwa kweli, lakini hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha.

Kampuni niliipata baada ya kupiga simu mpaka sikio likawa moto. Ilikuwa inatoa nyuzi kwenye mashina ya ndizi na kuzifanya vitambaa vizito na mifuko ya karatasi. Maji yanayokamuliwa yanakuwa mbolea, makapi yanarudi shambani, na mashine zinaendeshwa kwa jua. Aliyetumwa kuja kutuangalia alikuwa mhandisi, mtu wa makamo aliyekulia Mombasa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hadi ukiongea naye unaona aibu kufungua kinywa. Sisi huku tunasema miti ya ndizi, yeye anasema migomba. Sisi tunasema kitu yangu, yeye anakuangalia kwa huruma.

Hakunificha kwamba walikuwa na mahali pengine pia kwenye orodha yao, kaunti nyingine ya magharibi, na kwamba wangechagua mahali pamoja tu. "Na dada, nakuomba," akaniambia kwenye simu, "sitaki hotuba. Sitaki hema wala viti. Nataka kupita mashambani nione migomba iliyokatwa inavyolala. Nione ni mingi kiasi gani na inatokaje pale ilipo. Hilo tu." Nikamwambia atapata, asiwe na shaka. Tena nilijisifu kidogo, nikamwambia kwetu ataikanyaga mpaka achoke.

Nilichagua Ekerenyo, ambako mama yangu anaishi na ambako mashamba yamebanana mteremkoni, chai juu na ndizi chini. Sabato kabla ya ziara nikamwomba mzee wa kanisa dakika mbili baada ya ibada niwaambie watu. Na hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Ningesema kwa Ekegusii, lugha ambayo kila mtu pale amenyonya nayo, mambo yangenyooka. Lakini mtu ukipewa kipaza sauti na umevaa suti, unataka kusikika mtu wa ofisi. Nikapiga Kiswahili.

"Wapendwa," nikasema, "Alhamisi tunapokea wageni wa biashara ya kijani. Hawa ni watu wanaopenda sana usafi wa mazingira. Watapita mashambani mwetu wakiangalia mashina ya ndizi. Naomba tusiaibishane."

Wakaitikia amina. Nikarudi kwenye kiti changu nikiwa nimeridhika.

Mtu yeyote aliyesoma shule Kenya anajua usafi wa mazingira ni nini. Ni Ijumaa mchana. Ni kufyeka nyasi, kuokota karatasi, kufagia mpaka chini ya miti na kupaka mawe chokaa kwa sababu mkaguzi anakuja. Mimi nilisema neno la semina, wao wakasikia panga na ufagio. Ningejua! Lakini sikujua, nikarudi mjini Nyamira nikakaa kwa raha zangu mpaka Alhamisi.

Siku yenyewe binti yangu hakuwapo. Alikuwa amekwenda Nairobi kuchukuliwa alama za vidole na kupimwa damu kwa ajili ya safari yake. Alinitumia ujumbe asubuhi: "Mathe, niko kwa foleni." Nami nikiwa ndani ya gari la ofisi pamoja na mhandisi, niliusoma ujumbe ule nikaona mbio zimepamba moto, yeye kwenye foleni yake na mimi kwenye yangu.

Shamba la kwanza tulilolifikia, nikashuka huku nimenyoosha mkono tayari kuonyesha. Nikaonyesha nini? Hapakuwa na kitu. Chini ya ndizi pamefagiliwa, nakwambia, pamefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana kwenye udongo. Visiki vimefukiwa. Kijia cha kuingilia kimepangwa mawe pande zote mbili, na mawe yamepakwa chokaa. Mama mwenye shamba alikuwa amesimama mlangoni na sweta yake ya kanisani, anatabasamu.

Nikasema labda ni huyu tu, ni mtu wa kujionyesha. Shamba la pili, hivyo hivyo. La tatu wameng'oa hata magugu ya kando ya barabara. Kila boma watu wamesimama kwa heshima, wamevaa, wanatungoja tuwasifu. Mhandisi alikuwa mtu mpole. Alipita, akatazama juu, akatazama chini, akanigeukia.

"Dada," akasema, "hapa mnavuna ndizi kweli, au mmepanda za kivuli?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Unga umemwagika, nikajiambia. Unga wangu, na wa binti yangu, na wa watu wote hawa wanaotabasamu bila kujua walichofanya.

Tukafika kwa mama yangu, na hapo ndipo palipokuwa pasafi kuliko pote. Mtu angeweza kula ugali chini ya ndizi zake bila sahani. "Baba!" nikaita kwa sauti ya mtu aliyekasirika. Mhandisi akajiweka sawa kumsalimu mzee. Akatoka mama yangu, mfupi, na kitambaa cha kichwa kipya. Ikabidi nimweleze mgeni kwamba kwetu mama ndiye tunamwita baba, na baba tunamwita tata, asishangae. Akasema, "Shikamoo, mama." Mama yangu, ambaye shikamoo kwake ni neno la redioni, akamjibu, "Mzuri sana, mugeni."

Nikageukia Ekegusii, na sikujali heshima. Nikamuuliza mashina yako wapi.

"Zile takataka?" akasema. "Tumetoa. Si wewe ndiye uliyesema hawa ni watu wa usafi?"

"Nilisema wanakuja kuziangalia!"

"Ulisema tusiaibishane. Mgeni anakuja kuangalia ndizi zetu na tumwache aruke takataka? Tumefanya risaga siku tatu kwa ajili yako."

Nikapandwa na mori. Nikasema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, mbele ya watu. Mama yangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Usinipigie kelele na wageni wamesimama," akasema. "Kosa ni la kinywa chako." Na lilikuwa la kinywa changu. Nalisema leo bila kuona haya, ingawa siku ile niliona haya sana.

Mhandisi akauliza tunazungumza nini. Nikaanza kupanga uongo kichwani, kwamba ng'ombe wamekula, kwamba msimu huu mavuno yalichelewa. Kabla sijachagua uongo upi, mama yangu alinipita akasimama mbele yake, akamwambia kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Mugeni, takataka tulitupa yote. Kwa sababu yako. Kuja nikuonyeshe kwa shimo."

Shimo lenyewe liko kando ya barabara, mahali ambapo zamani watu walikuwa wakichimba udongo wa kufyatulia matofali. Tulilifikia kwa miguu, mama yangu mbele. Sikuliona shimo. Niliona mlima. Mashina ya ndizi yalikuwa yamelijaza shimo na kupanda juu yake, yamelazwa vizuri, mapya juu, ya zamani chini, kila moja limekatwa urefu wa kubebeka kichwani. Wanawake waliotufuata walisimama nyuma wakinong'ona. Walidhani sasa watagombezwa kwa kutupa takataka barabarani.

Mhandisi aliuzunguka ule mlima, akainua shina moja kupima uzito. Kisha akauliza, "Haya ni ya nyumba zipi?"

"Yote ya hapa mpaka kwa kanisa," mama akasema.

"Mlikusanya kwa muda gani?"

"Siku tatu."

"Na ni nani aliyewalipa?"

Mama yangu akanitazama kana kwamba mtu huyu amemtukana. "Kulipa nini? Hii ni risaga."

Akataka kujua risaga ni nini, nikamweleza. Ni desturi ya kwetu, ya zamani kuliko mimi. Ukiwa na kazi kubwa inayokushinda unaita majirani, wanakuja wote leo kwako, kesho kwa mwingine, unawapikia, kazi inaisha. Hakuna bosi. Anayekwepa zamu anajulikana, naye atajikuta peke yake siku yake ikifika.

Mhandisi akaketi. Aliketi juu ya shina la ndizi na suruali yake safi, akavua miwani. Akaniambia kwamba kule kwingine waliona mashina mengi, yamelala kila mahali, mengi kuliko haya. Lakini mashamba ni madogo, vilima ni vikali, na hakuna aliyeweza kuwaambia yatatokaje mlimani mpaka barabarani. "Hilo ndilo linalotuua, dada. Si mashine. Ni kukusanya." Akatazama ule mlima tena. "Nyinyi mmekusanya bila hata kuombwa."

Nilikuwa nimemwandikia kurasa nzima za kumvutia. Niliandika habari za kiwanja, za maji, za barabara, za kibali kitakachotoka haraka. Risaga sikuiandika hata kwa mstari mmoja. Haikuniingia akilini kwamba ni mali. Tangu siku ile, kampuni yoyote ikiniuliza tuna nini, naanza na watu wanachojua kufanya pamoja, ndipo nafika kwenye kiwanja.

Alipokuwa anaondoka alimwachia mama yangu ndoo tatu na daftari. Akamwomba aloweke vipande vya aina mbalimbali, ndizi za kupika, za kuiva, na zile ndogo tamu, na kila baada ya siku chache aandike ni kipi kimelainika. Mama yangu akaitikia kwa kichwa. Kisha mhandisi akapanda gari, akaniambia, "Nitapiga simu." Nilimpungia mkono nikitabasamu, na moyoni nikafa, maana sentensi hiyo naijua kama jina langu.

Binti yangu alirudi kesho yake. Vidole vimeshachukuliwa, damu ni safi, tarehe ya safari imetolewa: mwisho wa mwezi uliofuata. Aliisema tarehe hiyo huku anavua viatu, kama mtu anayetaja siku ya soko. Sikupiga kelele. Nguvu za kelele nilikuwa nimezimaliza kwa mama yangu.

Mama yangu ndiye aliyemwita. Alimwambia, "Njoo uniandikie. Macho yangu hayaoni kuandika, na mgeni yule nilimwahidi." Binti yangu akalalamika, akasema atakwenda mara moja tu. Akaenda. Wiki iliyofuata akaenda tena. Kisha akawa anakwenda bila kuitwa. Nikimkuta kule, amechuchumaa kati ya ndoo, anavuta uzi mmoja mmoja, anaandika. Siku moja akawaza kuloweka kwenye maji ya majivu, yale ambayo bibi yake hulainishia mboga za kienyeji. Uzi ukalainika haraka kuliko yote. Alikuja kunieleza huku anaruka, maneno ya kemia yananipita juu ya kichwa, nami nikawa naangalia uso wake tu. Nilikuwa sijauona ukiwa hivyo tangu aache chuo.

Na mhandisi akapiga simu. Haki ya Mungu, alipiga. Wamechagua Ekerenyo. Nilisimama kwenye korido ya ofisi nikilia wazi wazi, na mkubwa wangu akaniletea maji. Lakini mhandisi aliongeza maneno mawili. Kwanza, kujenga kutachukua miezi mingi. Pili, ajira zitatangazwa kwa wote, na mimi, kwa kuwa ni mtu wa ofisi, nikae mbali nazo kabisa. Alikuwa na haki kusema hivyo.

Kwa hiyo nilimweleza binti yangu yote, mazuri na mabaya. Kiwanda kinakuja. Hakuna aliyekuahidi kitu. Unaweza kubaki na usikipate. Lilikuwa jambo gumu kulisema, maana ningeweza kumdanganya kidogo tu akabaki. Alinisikiliza, akasema, "Nimesikia," akaenda kulala. Mizigo yake ilikuwa imefungwa tayari, imewekwa nyuma ya mlango.

Asubuhi ya safari nilikwenda kwa mama kumchukua, kwa sababu alikuwa ameomba kulala kwa bibi usiku wa mwisho. Nilimkuta nyuma ya jiko, mikono ndani ya ndoo mpaka viwiko. Simu yake ilikuwa juu ya jiwe, inalia. Wakala. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Siendi, mathe," akasema bila kuinua kichwa.

"Huendi?"

"Nikienda nani atamwandikia magokoro? Hii kitu bado haijaisha."

Magokoro ni bibi. Magokoro huyo huyo asiyeona kuandika ndiye anayesimama mbele ya kanisa kila Sabato na kusoma Biblia ya maandishi madogo bila miwani, na ndiye mwenye kuandika kumbukumbu za mikutano ya akina mama, kwa mwandiko ambao walimu wangeuonea wivu! Niligeuka kumtazama mama yangu. Alikuwa anachambua mboga kwa makini makubwa, hainui macho. Miezi miwili alikuwa ametudanganya sote, mwanamke wa Mungu. Nikafungua kinywa. Nikakifunga. Nadhani ndiyo siku ya kwanza maishani mwangu nilipokifunga kwa wakati.

Sitaki kusema kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Miezi ile ya kungoja ilikuwa mirefu. Kuna siku binti yangu aliniangalia kama mtu niliyemwibia maisha yake, na kuna siku nami nilijuta. Rafiki yake mmoja aliyekwenda huko huko alikuwa anatuma picha nzuri. Tangazo la ajira lilipobandikwa hatimaye kwenye ofisi ya chifu, alipanga foleni kama wengine. Siku ya usaili nilijipeleka Birongo kwenye mkutano ambao haukunihusu sana, nikazima simu nisije nikampigia mtu. Nilipoiwasha nikakuta ujumbe wake wa neno moja: "Nimepata." Nilimuuliza baadaye walimuuliza nini. Akasema aliwaonyesha daftari la magokoro, wakasoma, wakamuuliza habari za majivu mpaka muda ukaisha.

Wengi waliopanga foleni ile hawakupata, na nakutana nao sokoni, na wengine hawanisalimii vizuri. Kiwanda ni kidogo. Mvua kubwa ikija barabara inateleza na mashina yanalala mlimani siku nzima. Kuna wazee wanaolalamika kwamba ng'ombe wao wamepunguziwa chakula, na sijui niwajibu nini, kwa sababu ni kweli. Lakini kila kilima sasa kina siku yake ya kubeba, na siku yenyewe inaitwa risaga, ingawa siku hizi wanalipwa. Wanawake wale wa sweta za kanisani ndio wanaoiongoza. Mlima wangu wa aibu ndio mlango wao wa kazi.

Nashukuru. Namshukuru Nyasae, Mungu wetu, kwanza. Nawashukuru wale akina mama waliofagia chini ya ndizi kwa ajili ya heshima yangu, na ambao sikuwaomba msamaha mpaka mwaka ukapita. Namshukuru mtu wa Mombasa aliyekuja kutazama takataka akakosa, na badala ya kutucheka akakubali kumfuata bibi mpaka shimoni. Namshukuru hata mkubwa wangu na karatasi yake, ingawa hilo sijamwambia na sina haraka ya kumwambia. Mama yangu nilimshukuru kwa kumnunulia miwani. Alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia nimpelekee mtu asiyeona.

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwake, tunafua kabla jua halijatua na Sabato haijaingia. Binti yangu alikuwa ameleta koti lake la kazini, lile jeupe wanalovaa watu wa maabara. Begani na kifuani lilikuwa na utomvu wa ndizi uliokauka, madoa makubwa ya rangi ya kahawia. Anayejua ndizi anajua utomvu wake. Utotoni nilichapwa kwa ajili ya doa moja dogo kuliko hayo. Nikaanza kusugua. Nikaweka sabuni ya kipande, nikaweka limau, nikasugua tena mpaka vidole vikaniwaka moto. Binti yangu akatoka ndani na kikombe cha chai, akanitazama.

"Mathe, acha tu," akasema. "Hiyo haitoki."

Mikono yangu ikasimama ndani ya maji. Niliwaza nguo zake zingekuwa wapi saa ile, zinafuliwa na nani, na simu yangu ingekuwa inalia au imenyamaza.

"Basi isitoke," nikamwambia, nikajifuta macho kwa kiwiko.

Akaniinamia, akaniuliza kama sabuni imeniingia machoni. Nikasema ndiyo, ni sabuni.